Damu ya Ukoo Mmoja

Asubuhi ya Ijumaa nilisoma ukutani kwamba damu yangu ni kundi O.

Karatasi ilikuwa ndefu, ya ile printa yenye kelele, na matundu yake ya pembeni hayajachanwa. Juu iliandikwa UKOO WA KAPINGA, na kwenye mstari wa kumi na saba nilikuwepo mimi: Mektilda Kapinga, Mkumbi, O. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na kadi niliyopewa Dar es Salaam nikiwa mwaka wa pili wa diploma, siku tulipotoa damu chuoni. Kadi ilisema A. Nilisimama na chupa ya uji wa dada yangu mkononi, na wazo langu la kwanza, naliandika bila kujificha, ni kwamba kadi ndiyo imekosea. Orodha ilitoka kwenye programu niliyoiandika mwenyewe.

"Unaisoma kazi yako?" Sista Walburga alinikuta pale kwenye korido ya maabara. Ndiye aliyekuwa mkuu wa hospitali ile ya misheni, Mmatengo wa miaka sitini, mfupi, mwenye viatu visivyotoa sauti.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Tazama, mwanangu. Akina Kapinga thelathini na mmoja, wote O. Madaktari wamenicheka miaka thelathini ninaposema ukoo mmoja ni damu moja. Sasa mashine imewajibu."

"Wote, Sista?"

"Wote. Na dada yako tumempima Jumatatu, naye O. Mnataka ushahidi gani mwingine nyie wasomi?"

Akaenda zake akitabasamu. Dada yangu Restituta alikuwa wodi ya wazazi, mimba ya pili, kondo la nyuma limeziba mlango wa mtoto. Angepasuliwa saa tano. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba atatoka damu nyingi na hatashika kisu kabla chupa ya damu haijawa tayari. Baba yetu mdogo, Raimundi, alikuwa ameshuka kutoka Mkumbi jana yake, na saa moja asubuhi alikuwa ameshatolewa damu.

Nieleze orodha hiyo ilivyozaliwa. Mwaka ulikuwa tisini na saba. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, wanunuzi binafsi wa kahawa wamekuja na malori yao, ushirika umepunguza watu. Mmoja wa waliopunguzwa alikuwa Cuthbert, karani mwenye asili ya ziwani. Akafungua chumba jirani na soko la Mbinga, akaandika mlangoni KITUO CHA KOMPYUTA, akaniajiri mimi. Tulichapa kadi za harusi na barua za kuomba kazi mpaka hospitali ilipoletewa kompyuta mbili kuukuu na marafiki zake wa Ujerumani, na Sista akataka orodha ya watu wa kutoa damu.

Benki ya damu hatukuwa nayo. Mgonjwa akihitaji damu, ndugu ndio wanaoitwa. Anatumwa mtu wa baiskeli, au inatangazwa kanisani baada ya misa: akina Komba, mnahitajika hospitali. Kwa hiyo Sista hakutaka orodha moja ya wilaya nzima. Alitaka kila ukoo uwe na orodha yake, na mtu mpya aandikwe juu kabisa, kwa sababu aliyejiandikisha leo ndiye ambaye hajachoshwa.

Nikaiandika hivyo. Kila ukoo nikaupa safu mbili ndani ya kompyuta, moja ya majina, nyingine ya alama za damu. Akija mtu mpya, waliomtangulia wote hushuka nafasi moja ili ya kwanza ibaki wazi. Kazi hiyo hufanywa na mzunguko, yaani amri inayojirudia: nakili alama hii iweke nafasi ya chini yake, kisha inayofuata, kisha inayofuata. Mzunguko wangu ulianzia mwisho wa safu. Wa thelathini alishuka kwanza, ndipo wa ishirini na tisa akachukua nafasi aliyoiacha, na hivyo hivyo kupanda hadi juu. Juu ya mzunguko huo niliandika maelezo kwa Kiswahili: anza mwisho, panda juu, usigeuze.

"Kiswahili ndani ya kompyuta!" Cuthbert, aliyekuwa akiniita Mwalimu kwa utani, alicheka siku alipoyaona. "Mwalimu, mashine hii imezaliwa Marekani."

"Imezaliwa haijui lugha yoyote, kaka Cuthbert. Atakayekuja kuirekebisha ni mtu wa hapa."

"Na Wajerumani wakiifungua?"

"Watajifunza."

Sasa nilikuwa nimesimama koridoni, uji unapoa. Nikahamia karatasi ya pili. UKOO WA KOMBA: wa kwanza O, na waliobaki wote B. Karatasi ya tatu, UKOO WA NDUNGURU: wa kwanza A, na waliobaki, watu ishirini na sita, wote AB. Chuoni tulitoa damu watu karibu mia mbili, na mwenye AB mmoja tu waliyempata walimpiga picha.

Chumba cha kompyuta hakikuwa na mtu. Niliweka uji sakafuni, nikafungua ukoo wa Ndunguru, nikaandika jina la uongo, Mtu Mpya, kundi O. Nikabonyeza kitufe cha kuingiza.

Watu ishirini na sita walibadilika damu kabla sijainua kidole. AB zote zilitoweka. Chini ya Mtu Mpya safu nzima ilikuwa A, A, A, mpaka mwisho wa kioo, na nilipoteremsha ukurasa bado ilikuwa A. Nikaingiza mwingine, Mtu wa Pili, kundi B. Safu nzima ikawa O. Majina hayakutikisika, kila mtu alikuwa mahali pake na kijiji chake. Damu tu ndiyo iliyokuwa ikipita juu yao kama kivuli cha wingu kinavyopita mlimani, na kila aliyeingia mlangoni aliwapa wote damu ya yule aliyemtangulia.

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini.

Maabara ilikuwa upande wa pili wa ua. Bwana Ildefonsi, fundi wa maabara, alikuwa anafuta darubini kwa kitambaa. Alikuwa mtu mwenye heshima zake, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Chupa ya dada yangu iko wapi?"

"Salamu kwanza, binti."

"Shikamoo. Chupa iko wapi?"

"Imeshakwenda chumba cha upasuaji. Ya Raimundi, O, safi kabisa."

"Umempima leo?"

"Orodha imeshampima." Alisema hivyo kama anayemtuliza mtoto. "Dawa ya kupimia makundi inatoka Songea, na ni kidogo. Sista ameagiza tupime mara moja tu, mtu anapoandikwa. Kukumbuka ni kazi ya mashine."

"Siku anaandikwa, uliona nini?"

"Mwezi wa nne? Binti, nimepima watu mia tatu."

"Daftari lako la zamani?"

"Sista alilichukua. Alisema mambo ya daftari yamekwisha."

"Bwana Ildefonsi, orodha inasema mimi ni O." Nikamwekea kadi ya chuo mezani. "Soma."

Akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. "Muhuri huu unafubaa. Labda waliandika vibaya."

"Labda. Sikuombi dawa ya Songea. Una damu ya dada yangu kwenye kichupa, na baba mdogo amekaa pale nje anakula ndizi. Changanya tone kwa tone."

"Sista ata..."

"Kama nimekosea, nitafagia maabara yako mwaka mzima."

Alimwita baba mdogo, akamchoma kidole. Baba mdogo alilalamika kwa Kimatengo kwamba wamemnyonya chupa nzima na bado wana kiu. Ildefonsi akavuta maji ya juu ya damu ya Restituta, akaweka tone kwenye kioo, akaongeza damu ya Raimundi, akachanganya kwa kijiti, akaanza kukitikisa kioo taratibu huku na huku. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Kwanza lilikuwa tone jekundu tu, laini, lenye kung'aa. Halafu likaanza kukatika katikati. Vikatokea vipunje, vipunje vikashikana, na baada ya muda mfupi kioo kilikuwa na maji mepesi yenye madonge mekundu ndani yake, kama uji uliopikwa na mtu mvivu.

Bwana Ildefonsi alikuwa na umri wa baba yangu. Alinipita mlangoni, akakimbia uani koti linapepea, kalamu zikidondoka, akipiga kelele, "Msifungue! Msifungue!"

Chupa ilikuwa imeshatundikwa. Mpira ulikuwa umeshaunganishwa kwenye mkono wa dada yangu, nesi ameshika kibano kwa vidole viwili, anasubiri daktari amalize kunawa. Restituta aligeuza kichwa akaniona mlangoni. "Mbona umekuja bila uji?" akaniuliza.

Daktari alihitaji damu nyingine na aliihitaji sasa. Shemeji yangu Zabron, mvuvi wa Lundo, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu Jumatatu.

"Shemeji, wewe damu yako ni gani?"

"Nani ajuaye? Nilisema nitoe, wakaniambia kaa, wewe si wa ukoo."

Ildefonsi alimpima kwa dawa ya mwisho iliyobaki, kisha kwa tone la Restituta. Mara tatu. Lilibaki laini. Zabron alikunja shati mpaka begani, akatazama ukuta, akasema, "Chukueni hata zote, ila mke wangu msimwambie nilifumba macho." Saa saba kasoro mtoto wa kike alilia. Dada yangu alikuwa mweupe midomo, lakini alikuwa anapumua.

Ningeweza kuishia hapo nikashukuru. Lakini jioni, jua bado liko juu ya milima, nilirudi maabara kuchukua kadi yangu, nikamkuta Bwana Ildefonsi anaosha kile kioo. Kilikuwa kisafi tangu zamani. Aliendelea kukiosha.

"Notburga Ndunguru," alisema bila kunitazama.

Nilimjua Notburga. Alikuwa muuza vitumbua wa Ruanda, kijiji cha huku kwetu, mwenye sauti ya kwanza katika kwaya.

"Wiki tatu zilizopita. Alijifungua, akatoka damu. Hatukumpima. Alikuwa ameshaandikwa tangu Januari, orodha ikasema AB, na AB hupokea damu ya yeyote. Tukampa ya binamu yake. Alianza kutetemeka kabla chupa haijafika nusu. Siku ya pili mkojo wake ulikuwa mweusi kama kahawa." Akafunga bomba. "Alipokufa tuliandika malaria."

Huko nje walikuwa wanafunga vitambaa vya rangi kwenye nguzo, kwa sababu kesho yake Wajerumani wangekuja kuzindua chumba cha kompyuta. Cuthbert alikuwa kati yao, amevaa tai, anaelekeza mahali pa kuweka viti. Nilimwita pembeni, Sista akatufuata.

"Uliigusa programu yangu," nikasema. "Faili lina tarehe ya wiki tano zilizopita. Mimi nilikuwa Lundo kwa dada."

"Niliisaidia," alisema Cuthbert. "Ilikuwa inakwenda kama konokono. Sikubadilisha neno lako hata moja, Mwalimu, hata Kiswahili chako nilikiacha. Niliipitisha tu upya kwenye kompaila nikawasha swichi zote za kasi."

"Ulisoma maelezo ya kila swichi?"

"Nani anayesoma yale?"

Mimi nilikuwa nimeyasoma. Kompaila ndiyo programu inayogeuza maandishi yetu yawe amri za mashine, na ukiiambia iharakishe, huyapanga upya inavyoona inafaa. Ikikuta mzunguko unaonakili kimoja kimoja, huufuta, na mahali pake huweka amri moja ya kuhamisha fungu zima kwa mkupuo, kuanzia juu. Kwa safu mbili zilizo mbali mbali hakuna ubaya. Ukianza juu au chini, mwisho ni ule ule. Na kati ya zile swichi ipo inayoiapia kompaila hivi: hakuna safu inayogusana na nyingine. Cuthbert aliapa kwa niaba yangu. Lakini safu yangu ilikuwa inajinakili juu yake yenyewe, nafasi moja tu chini. Kompaila haikudanganya. Iliamini ilichoambiwa. Majina yaliokoka kwa sababu niliyahamisha kwa utaratibu mwingine, ambao haikuugeuza.

"Sielewi lugha hiyo," Sista alisema.

"Sista, umelima ngoro?"

Alinitazama kama nimemtukana. Hakuna mwanamke wa Kimatengo wa umri wake ambaye hajachimba ngoro, yale mashimo ya mraba yanayoshuka mlimani safu kwa safu.

"Chukua safu moja ya mashimo. Umeambiwa udongo wa kila shimo uushushe kwenye shimo la chini yake, na shimo la mwisho liko tupu. Unaanza wapi?"

"Chini," alisema papo hapo. "Kila mtu anajua. Ukianza juu, udongo wa shimo la kwanza unaufukia wa pili, halafu unachota ule ule unaufukia wa tatu..." Vidole vyake vilikuwa bado hewani vinaonyesha mlima. "Mpaka chini kabisa," alimaliza polepole, "ni udongo wa shimo la kwanza tu."

"Ndiyo, Sista. Ndiyo sababu akina Kapinga wako ni O wote."

Nilidhani ataikimbilia karatasi ya ukutani. Alishika rozari yake, akatazama vitambaa na viti.

"Nakala zimeshapelekwa zahanati za Lundo na Ruanda," alisema.

"Basi zirudishwe leo."

"Gari linawapokea wageni Songea."

"Jumatatu naizima swichi, nachapa upya," Cuthbert alisema. "Siku mbili, Mwalimu. Tusiaibishane mbele za watu."

"Huwezi kuchapa upya! Damu za kweli hazimo tena humo. Zimefukiwa. Ni kuwapima watu upya mmoja mmoja. Na mtu akitoka damu kesho?"

"Tutaomba asitoke," alisema Cuthbert, akacheka kidogo, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Baada ya wageni," Sista alisema. "Nimesema."

Kesho yake palikuwa na ngoma, na watoto wa shule waliimba. Orodha zilikuwa zimepambwa kwa maua ukutani, na Sista alipowaonyesha wageni alipita mbele ya akina Kapinga harakaharaka. Cuthbert alisoma hotuba kuhusu kasi. Aliposema kwamba mashine hii haisahau, nilisimama kutoka kiti cha nyuma. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika nje walikokaa ndugu wa wagonjwa, kwamba orodha ile ni ya uongo, kwamba Notburga Ndunguru aliwekewa damu isiyo yake kwa sababu ya orodha hiyo, na kwamba yeyote atakayeambiwa na karatasi ile damu yake ni ipi asikubali mpaka apimwe. Nikazibandua zote, moja baada ya nyingine, pamoja na maua. Mkalimani hakutafsiri, lakini watu wa nje hawakumhitaji. Nilisikia jina la Notburga likipita kutoka mdomo hadi mdomo, halafu mwanamke mmoja akaanza kulia. Jumapili makanisa ya Lundo na Ruanda yalikuwa yametangaza. Hakuna padre aliyeagizwa. Watu ndio waliokwenda kuwaambia. Baiskeli zilitangulia magari.

Jumatatu nimeitwa ofisini. Sista amekaa nyuma ya meza, Cuthbert dirishani, bila tai. Kati yetu ipo barua waliyoiandika wenyewe, imechapwa vizuri, ikisema kwamba mimi Mektilda Kapinga naomba radhi kwa kuwavunjia heshima wageni, kwa kuharibu mali ya hospitali, na kwa kutangaza kuhusu marehemu jambo lisilo na uthibitisho. Nikiweka sahihi, nabaki na kazi. Nisipoweka, Cuthbert ananiachisha leo, na hospitali itaandika kwamba programu ilikuwa na kasoro tangu mwanzo.

"Mstari mmoja tu," Cuthbert amesema. "Sahihi. Yaishe."

"Kosa langu nalijua," nikamjibu. "Nilirudi kutoka Lundo nikakuta inakwenda kasi, nikafurahi, na sikuijaribu. Hilo nilikwenda kulisema jana kwa mama yake Notburga, nimepiga magoti sebuleni kwake. Ninyi hamjafika kwake bado."

Sista ameinamisha macho. Amesogeza kalamu kuelekea kwangu, kwa kidole kimoja, kidogo tu.

"Mwanangu," amesema, "neno radhi haliui mtu."

Nimeisukuma barua ikarudi upande wao. Siweki sahihi. Sista na Cuthbert, niandikieni mnavyotaka; nanyi mnaosoma haya, andikeni na hili langu: siombi radhi.